Chuo cha Wenye Kazi Hujengwa kwa Shilingi za Nani?

Na Mwandishi Wetu

Kila mkazi wa mjini anaijua hafla ya kuchangisha. Kadi husambazwa wiki mbili kabla, mgeni rasmi hutafutwa kwa udi na uvumba, viti vya mbele hufunikwa vitambaa vyeupe, na ukifika wakati wa kutoa, kipaza sauti hukabidhiwa mtu mwenye ulimi mwepesi. Fulani kaahidi milioni tano, ukumbi unashangilia. Fulani kaahidi mifuko mia ya saruji, ukumbi unashangilia zaidi. Miezi sita baadaye mweka hazina yuko peke yake na daftari lake, akipiga simu zisizopokelewa, na kule kiwanjani msingi umeota majani na nondo zimeshika kutu.

Tumeanza na ukumbi huo, ndugu msomaji, kwa sababu leo tunataka kuzungumzia uchangishaji ulio mgumu kuliko mwingine wote: kuchangisha kwa ajili ya chuo kikuu cha watu wazima wenye kazi. Ukichangisha kwa ajili ya yatima, picha ya mtoto mmoja inatosha kulainisha mioyo. Ukichangisha kwa ajili ya msikiti au kisima, kila mtu anaona atakachokipata. Lakini ukisema unamchangia karani wa miaka thelathini na minane, mwenye mke na watoto wanne, ili aende akasome shahada saa moja ya usiku, jibu la kwanza la wengi huwa: huyo si ana mshahara? Alipe mwenyewe.

Jibu hilo lina sura ya haki, lakini halijapiga hesabu. Mshahara wa mtu mzima una wenyewe kabla haujafika mfukoni. Kuna kodi ya nyumba, kuna ada ya mtoto, kuna mama aliye kijijini, kuna nauli ya kwenda na kurudi. Kinachobaki hakitoshi kulipa mhadhiri, maktaba, maabara na umeme wa madarasa. Hakuna chuo kikuu makini kilichoweza kuishi kwa ada za wenye kazi peke yao bila ya mkono wa mwingine, uwe mkono wa serikali, wa wahisani au wa wakfu. Basi suala ni mkono gani, na kwa masharti gani. Suala hilo lilijadiliwa kwa ukali mkubwa na mafundi wa mji wa London takriban miaka mia mbili iliyopita, na waliyoyapitia yanatuhusu hata sisi.

Fundi na pampu ya maji

Habari inaanzia Glasgow, nchini Scotland, mwishoni mwa karne ya 18. Daktari kijana aitwaye George Birkbeck, aliyezaliwa mwaka 1776, alikuwa akifundisha sayansi katika taasisi ya Anderson mjini humo. Alihitaji kifaa cha kuonyeshea darasani, mfano wa pampu ya maji, akaenda kwa mafundi bati wamtengenezee. Alipokuwa karakanani aliwaona wakikizunguka kile kifaa walichokuwa wakikiunda kwa mikono yao wenyewe, wakimuuliza maswali: kinafanya kazi vipi, na kwa nini? Birkbeck akatambua kuwa wale waliokuwa wakiunda vyombo vya elimu hawakuwa na mlango wa kuingilia kwenye elimu yenyewe.

Mwaka 1800 akatangaza mihadhara ya bure kwa mafundi, nyakati za jioni. Wapo wenzake waliomcheka wakidai kuwa mafundi hawatakuja, na wakija hawataelewa. Muhadhara wa kwanza ulihudhuriwa na watu 75. Kufikia wa nne walikuwa 500. Mwaka 1804 Birkbeck akahamia London kufanya udaktari, lakini mbegu ilikuwa imekwishaota. Mwaka 1823 wale mafundi wa Glasgow walijitenga na taasisi iliyowalea, wakaanzisha ya kwao wenyewe.

Habari za Glasgow zilipofika London zilizua hamu. Mwezi Oktoba mwaka 1823 gazeti la mafundi lililohaririwa na J. C. Robertson na Thomas Hodgskin lilitoa wito wa kuanzisha taasisi kama hiyo katika mji mkuu. Tarehe 11 Novemba mwaka huohuo watu wapatao 2,000 walikusanyika katika ukumbi wa Crown and Anchor, barabara ya Strand. Mwezi uliofuata ikazaliwa Taasisi ya Mafundi ya London, na Dkt. Birkbeck akawa rais wake. Leo taasisi hiyo inaitwa Birkbeck na ni sehemu ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 2023 ilitimiza miaka 200, na bado inajulikana kwa jambo lilelile: kufundisha jioni, watu wakitoka makazini.

Shilingi tano kila miezi mitatu

Tuangalie sasa fedha. Ada ya uanachama ilikuwa pauni moja kwa mwaka, ikilipwa kwa mafungu ya shilingi tano kila baada ya miezi mitatu. Pauni moja ya wakati ule ilikuwa na shilingi 20. Ndiyo shilingi hiyohiyo ambayo baadaye Waingereza walituletea Afrika Mashariki na jina lake tunalo hadi leo. Fundi stadi wa London alikuwa akipata takriban shilingi 30 kwa wiki. Kwa hiyo ada ya mwaka mzima ilikaribia theluthi mbili za ujira wa wiki moja. Haikuwa kidogo kwake, wala haikumshinda, na ule mpango wa kulipa kwa mafungu ndio uliomwezesha. Mtu anayepokea ujira wake Jumamosi jioni hawezi kutoa pauni nzima kwa siku moja, lakini shilingi tano anaweza kuziweka kando kidogo kidogo.

Kwa kiwango hicho taasisi iliweza kulipia taa, kodi ya ukumbi na posho za wahadhiri. Haikuweza kujenga. Hapo ndipo mgogoro ulipozuka.

Upande mmoja walisimama Robertson na Hodgskin. Hawa walishikilia kuwa taasisi ya mafundi igharimiwe na mafundi wenyewe, hata kama itabidi ianze katika chumba kimoja kibovu. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: mwenye kulipa ndiye mwenye kuamua kinachofundishwa. Wakija matajiri na mifuko yao, watakuja pia na hofu zao, nao watataka fundi afundishwe mitambo tu bila ya kufundishwa kuuliza kwa nini ujira wake ni mdogo.

Upande wa pili alisimama Francis Place. Huyu naye alikuwa mtoto wa kazi: alikuwa mshona suruali aliyewahi kunyimwa kazi kwa sababu ya kushiriki mgomo, kisha akainuka hadi kuwa na duka lake la ushonaji Charing Cross. Place alijua taabu ya kusoma usiku kwa mshumaa, na ndiyo maana hakuwa tayari kusubiri. Kwake yeye, kuwaambia mafundi wangoje mpaka wakusanye za kutosha ni kuwaambia kizazi kizima kife kikiwa kimesimama mlangoni. Akashika kalamu, akawaandikia wenye nafasi, akabisha hodi milangoni kwao, na fedha zikaja. Mwandishi mashuhuri William Cobbett alitoa pauni 5, lakini akaambatanisha na onyo: mafundi wasipoishika taasisi yao kwa mikono yao wenyewe, watakuja watu wengine kuitumia kwa malengo yao.

Mwafaka uliofikiwa unastahili kusomwa na kila kamati ya uchangishaji. Fedha za matajiri zilikubaliwa, lakini katiba ya taasisi ikatamka kuwa theluthi mbili za wajumbe wa kamati ya uongozi sharti wawe wafanyakazi. Tajiri aliruhusiwa kutoa, akashukuriwa na jina lake likaandikwa, ila hakuruhusiwa kununua meza. Si kila mtu aliridhika. Robertson na Hodgskin waliendelea kulalamika kuwa roho ya taasisi imekwisha kuuzwa, na magazeti ya wahafidhina kwa upande wao yaliishambulia kwa sababu iliyo kinyume kabisa, kwamba kumfundisha mfanyakazi ni kuiweka nchi katika hatari. Taasisi iliyolaumiwa na pande zote mbili ikaendelea kufungua milango yake kila jioni, na kufikia mwaka 1830 ilikuwa imewafungulia wanawake nao.

Mema ya mkopo na mabaya yake

Lipo somo la pili katika historia hiyo, nalo ni chungu zaidi. Taasisi ilihitaji ukumbi wake wa mihadhara. Michango haikutosha. Dkt. Birkbeck, kwa mapenzi yake, akaikopesha taasisi zaidi ya pauni 3,000, na mwaka 1825 ukumbi ukafunguliwa karibu na Chancery Lane. Hakuna anayetilia shaka nia yake njema. Lakini tazama kilichotokea: mtu mmoja akawa rais wa taasisi na papo hapo mdai wake mkuu. Kamati ingewezaje kumpinga rais wakati kila robo mwaka inamwomba radhi kwa kuchelewesha malipo?

Birkbeck alifariki mwaka 1841, na deni likaendelea kuwa mzigo shingoni mwa taasisi kwa miaka mingi. Sisi tuliolelewa katika mafunzo ya mirathi tunaelewa haraka uzito wa jambo hili. Mkopeshaji mwema akiwa hai anaweza kusamehe. Akishafariki, fedha zile si zake tena, bali ni haki ya warithi, na huenda miongoni mwao wamo watoto wadogo ambao hakuna mwenye mamlaka ya kusamehe kwa niaba yao. Kamati inayopokea fedha bila ya kuandika ni sadaka au ni mkopo inawatayarishia ugomvi watu ambao bado hawajazaliwa.

Katikati ya karne ya 19 taasisi ilikuwa hoi. Kilichosaidia kuinusuru kilitoka kwa watu wa kawaida: mwaka 1851 mmoja wa wanachama wake, Francis Ravenscroft, alianzisha katika majengo yake chama cha akiba na ujenzi, na Ravenscroft huyo akawa mhimili wa taasisi kwa miongo iliyofuata. Mwaka 1885 ikahamia katika jengo jipya. Mwaka 1920 ikapokewa rasmi kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha London, kwa makubaliano kwamba itaendelea kuwahudumia wanaofanya kazi mchana.

Makubaliano hayo yalitiwa mtihani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Vyuo vingine vya London vilihamishiwa mashambani kukwepa mabomu. Birkbeck ilibaki mjini, kwa kuwa wanafunzi wake walikuwa wafanyakazi wa mjini humo na wasingeweza kuhama. Mabomu ya usiku yalipozidi, masomo yakasogezwa mchana wa mwishoni mwa wiki. Mwaka 1941 bomu liliteketeza maktaba. Masomo hayakukoma.

Lakini chuo kilichostahimili mabomu kiliyumbishwa na waraka mmoja. Mwaka 2007 serikali ya Uingereza iliamua kuacha kugharimia wanafunzi wanaosoma shahada iliyo sawa na waliyonayo au ya chini yake, uamuzi uliogusa takriban pauni milioni 100 kwa mwaka nchi nzima. Kwa chuo cha vijana hilo lilikuwa jambo dogo. Kwa chuo cha watu wazima, ambako mhasibu wa miaka arobaini anarudi kusoma sheria na muuguzi anarudi kusoma saikolojia, lilikuwa pigo la moyoni. Birkbeck na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza ndivyo vilivyoumia zaidi. Miaka mitano baadaye ada zikapandishwa, na katika kipindi cha mwongo mmoja idadi ya wanaojiunga na masomo ya muda nchini Uingereza ikaanguka kwa zaidi ya nusu. Mkono wa serikali nao, kumbe, una siku zake za kufumba.

Maduka chini, madarasa juu

Kama ujira wa fundi hautoshi, fadhila ya tajiri ina masharti, mkopo una warithi na serikali ina nyaraka zake, kimebaki nini? Jibu moja tunalipata New York, kwa mtu aliyesoma shule kwa muda usiotimia mwaka mmoja.

Peter Cooper, aliyezaliwa mwaka 1791, alitajirika kwa kiwanda cha gundi na biashara ya chuma. Uzeeni aliamua kuwajengea vijana wa kazi chuo ambacho yeye hakukipata. Mwaka 1859 kikafunguliwa chuo kiitwacho Cooper Union. Masomo ya usiku yalikuwa ya bure, na chumba cha kusomea kilibaki wazi hadi usiku ili mtu akitoka kazini akikute. Jambo linalotuhusu sisi ni namna alivyolijenga lile jengo: sehemu ya chini aliiacha kwa ajili ya maduka na ofisi za kupangisha, na kodi yake ndiyo iliyoendesha madarasa ya juu. Baadaye chuo kilimiliki hata ardhi iliyo chini ya jengo refu la Chrysler, moja ya majengo mashuhuri ya mji huo, kikila kodi yake.

Msomaji wa gazeti hili hahitaji kuelezwa jina la mpango huo. Ni wakfu, hata kama mwenyewe hakuuita hivyo: mali inafungwa, haiuzwi wala hairithiwi, na matunda yake ndiyo yanayotumika. Kwa mujibu wa mapokezi ya wanahistoria, Fatima al-Fihri alitumia mirathi ya baba yake kujenga Al-Qarawiyyin mjini Fez mwaka 859, na taasisi hiyo iliishi karne na karne kwa nyumba, mashamba na maduka yaliyowekwa wakfu kwa ajili yake. Katika pwani yetu, Unguja, Lamu na Mombasa, misikiti na madrasa zimeishi kwa minazi na vyumba vya kupangisha vilivyoachwa na wazee ambao wengi wao hatuyajui hata majina yao.

Lakini wakfu nao unataka walinzi. Mwaka 2006 wadhamini wa Cooper Union walikopa dola milioni 175 kwa kuiweka rehani ile ardhi ya Chrysler, sehemu kubwa ikiwa ni kwa ajili ya jengo jipya la kupendeza. Mapato hayakuweza kubeba deni. Mwaka 2013 wakatangaza kuwa chuo kilichosomesha bure kwa vizazi kadhaa sasa kitatoza ada, na wanafunzi wakaikalia ofisi ya rais wa chuo kwa zaidi ya miezi miwili wakipinga. Mwaka uliofuata wanafunzi wapya wakaanza kulipa. Mwaka 2018 chuo kilitangaza mpango wa miaka kumi wa kurudi hatua kwa hatua katika elimu ya bure. Kosa lililofanywa kwa saini chache linarekebishwa kwa mwongo mzima.

Kwetu Afrika Mashariki

Wapo watakaosema hayo ni ya Wazungu. Si kweli, kwani uzi huo umefika hadi Kigamboni. Mwaka 1899 kilianzishwa mjini Oxford chuo cha Ruskin kwa ajili ya wafanyakazi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Tanganyika ilipokuwa ikielekea kwenye uhuru, Joan Wicken, aliyesoma Ruskin, alishiriki kuandaa na kutafutia fedha chuo cha watu wazima kwa mfano huo. Mwaka 1961 Chuo cha Kivukoni kikafunguliwa. Waliosoma pale walikuwa watu wa kazi, makarani, viongozi wa vyama vya wafanyakazi na vya ushirika. Leo mahali hapo ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere.

Kisha kikaja Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992 na kusajili wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994. Makao makuu yake yako Kinondoni, lakini uhai wake uko katika vituo vya mikoani. Mwalimu wa shule ya msingi Songea, muuguzi wa zamu Mwanza na askari wa Tanga wamesoma shahada bila ya kuacha kazi na bila ya kuhama nyumba zao. Chuo cha namna hii hakihitaji mabweni, lakini usidhani ni rahisi kukiendesha. Kinahitaji vitabu katika kila kituo, intaneti isiyokatika, wahadhiri wanaosafiri, na mitihani inayofanyika siku moja kila mkoa. Gharama hizo hazionekani kwa macho, na ndiyo maana ni vigumu kuzichangishia. Mfadhili anapenda kukata utepe, na haujawahi kukatwa utepe wa malipo ya intaneti ya mwezi wa saba.

Kwa jumuiya zetu zenye azma ya kuwasomesha watu wazima, hesabu ya shilingi tano bado inafaa. Tuchukue mfano. Watu 1,000 wakitoa shilingi 5,000 kila mwezi, hizo ni milioni 5 kwa mwezi na milioni 60 kwa mwaka. Watu kumi wanaweza kuahidi milioni 60 katika ukumbi mmoja kwa usiku mmoja, na pengine wakatimiza. Tofauti ni kuwa wale kumi wakichoka, mfuko umekufa, ilhali kati ya wale elfu wakichoka mia, mfuko unaendelea kupumua. Na wale elfu watauliza maswali, kwa kuwa kila mmoja ana chake ndani.

Hatusemi wale kumi wafukuzwe. Fedha zao ndizo zinazofaa kununulia kiwanja chenye vyumba vya biashara mbele na madarasa nyuma, ili kodi iendeshe chuo wakati ambapo shangwe za ukumbini zimesahaulika. Ila mambo yafuatayo yaandikwe kabla fedha hazijapokelewa: kwamba hii ni sadaka, au ni mkopo, au ni wakfu, kwamba mali ya wakfu haitawekwa rehani kwa ajili ya jengo la fahari, kwamba wanaosoma na waliosoma watakuwa na viti vya kutosha katika kamati, na kwamba hesabu zitakaguliwa na mtu wa nje na kusomwa hadharani kila mwaka. Kwa haya, fundi wa London wa mwaka 1823 alikuwa ametutangulia.

Mchangiaji wa kwanza

Tumalizie mahali ambapo kurasa hizi za familia zinapaswa kumalizia, yaani nyumbani. Kabla ya tajiri, kabla ya serikali na kabla ya wakfu, mtu mzima anayesoma ana mfadhili mmoja ambaye jina lake haliandikwi katika ubao wowote. Ni mke anayebaki na watoto jioni nne kwa wiki, miaka minne mfululizo. Au ni mume anayejifunza kuivisha ndizi na kumsimamia mtoto hesabu zake za shule, kwa sababu mama yao yuko darasani. Ni bibi anayekuja kutoka kijijini wakati wa mitihani. Ni mtoto wa kwanza aliyeambiwa kuwa viatu vipya vitasubiri mpaka muhula ujao.

Mchango huu una kikomo, na wengi wanaoacha masomo wanaachia hapa, wala si kwenye mtihani. Kwa hiyo anayetaka kujiandikisha alikalishe baraza la nyumbani kwanza, kama vile kamati inavyokaa. Awaeleze ada ni kiasi gani na italipwa lini, jioni zipi hatakuwepo, na ni siku ipi ya wiki ambayo haitaguswa na kitabu chochote. Wakubaliane nini kitapunguzwa na nini hakitapunguzwa. Akiba iwekwe kidogo kidogo kwa mafungu, maana kukopa siku ya mwisho ya usajili huku roho iko juu ndiko kunakoharibu nyumba nyingi. Na atakapohitimu, asisahau kuwa watu wa nyumba hiyo ni wadai wake.

Jumuiya nayo inaweza kulisaidia hilo kwa gharama ndogo. Chumba cha kusomea katika jengo la msikiti au la jumuiya, chenye taa, meza na intaneti, kikaachwa wazi baada ya Isha, kinamwokoa mtu anayeishi vyumba viwili na watoto watano. Kundi la akina mama la kulea watoto kwa zamu katika wiki ya mitihani halihitaji mgeni rasmi. Mfuko mdogo wa nauli unaweza kumfanya mwanafunzi wa mwaka wa tatu asiishie njiani.

Wale mafundi bati wa Glasgow waliuliza swali moja juu ya kifaa kilichokuwa mikononi mwao. Wako wengi mfano wao hivi sasa katika karakana, wodi na ofisi zetu, nao wanarudi nyumbani na swali lao kila jioni. Siku kamati yako itakapoandaa kadi za hafla ijayo, ndugu msomaji, mkumbuke mtu huyo, kisha kabla ya kumtafuta mgeni rasmi, mtafute mtunza daftari mwaminifu.